Barabara Iliyopita Zizini Kwetu

Juzi mafundi wa maji walifukua barabara inayotoka stesheni. Walipofika kina cha kiuno cha mtu, harufu ya samadi ikapanda. Nilikuwa napita na kikapu changu nikitoka sokoni, nikasimama. Vijana waliokuwa wakichimba waliziba pua, wakacheka, wakasema choo cha mtu kimepasuka huko chini. Lakini harufu ya choo ni nyingine, na ya samadi ya ng'ombe iliyolala ardhini miaka mingi ni nyingine. Hii ni kavu, tamu kidogo, na ina moshi ndani yake. Sisi tuliozaliwa kwenye tembe hatuwezi kuikosea. Niliweka kikapu chini. Pale niliposimama, katikati ya lami, ndipo palipokuwa na mlango wetu.

Nyinyi wa rika langu mnalijua tembe, lakini wajukuu wenu wengi hawajawahi kulala ndani yake, kwa hiyo mniruhusu nilieleze taratibu. Tembe ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye paa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Inajengwa pande nne kuzunguka uwanja, na katika uwanja huo ndimo ng'ombe wanamolala. Ukiwa nje unaona ukuta na mlango mmoja mkubwa, basi. Milango ya vyumba yote inatazama ndani, kwa ng'ombe. Nyumba ya namna hiyo imejikumbatia. Mtoto akilia upande huu, shangazi yake anamsikia upande ule, na ndama akikohoa, kila mtu anaamka.

Babu yangu, baba yake baba, alizikwa humo uwanjani kabla sijazaliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenye nyumba: akifa, analala katikati ya zizi, na ng'ombe wake wanaendelea kulala juu yake. Hakukuwa na msalaba wala jiwe. Bibi peke yake ndiye aliyejua mahali penyewe hasa, na kila tulipotaka kucheza hapo alitukemea kutoka mlangoni kwake.

"Nyemo! Polepole hapo. Babu yako amesimama huko chini, kichwa kimeelekea chini, nyayo zake zimegusana na zako. Ukirukaruka unamkanyaga."

Nilimwamini kabisa. Asubuhi za kipupwe, ng'ombe wakishatolewa, nilikwenda kusimama peku juu ya samadi. Ilikuwa ya uvuguvugu. Nilidhani uvuguvugu ule ni wa nyayo za babu. Nilisimama kimya ili asichoke kunibeba, au pengine mimi ndiye niliyekuwa nimembeba yeye. Sikuweza kuamua.

Treni ilikuwa imekwishafika kwetu Dodoma wakati huo. Wadachi walikuwa wamejenga stesheni ya mawe, na ng'ambo ya pili, juu kidogo, wakajenga boma. Katikati yake kulikuwa na mashamba ya uwele, vichaka vya miiba, na matembe machache kama letu, kila moja limekaa lilivyopenda. Kisha wakaja watu na mnyororo mrefu. Mara ya kwanza tulipouona tulikimbia, kwa maana minyororo tuliyoizoea ilikuwa shingoni mwa wafungwa. Huu waliulaza tu ardhini, wakaunyoosha, wakauinua tena. Kila walipoulaza walipigilia kigingi chenye kitambaa cheupe.

Aliyewaongoza tulimwita Bwana Mpima. Alikuwa Mdachi mwembamba, mwenye kofia pana, asiyepiga kelele. Mbele yake ilisimama darubini ya shaba juu ya miguu mitatu. Sisi watoto tuliiita Jicho. Aliyelibeba Jicho, aliyelifuta vumbi na kulifunika kwa turubai jua lilipokuwa kali, alikuwa Mabruki, mtu wa pwani, mnene, mwenye maneno mengi. Ndiye pia aliyekuwa mkalimani. Alijua Kigogo cha njia ya misafara, kibovu, lakini hakuona haya kukitumia.

"Mbukwa, mabibi!" aliwasalimu kwa kelele wanawake waliokuwa wakitwanga. "Nyie watu mnalala na ng'ombe. Hamwogopi kuota pembe?"

"Na wewe unalala na sanduku," bibi akamjibu bila kuacha kutwanga. "Bora mimi, ng'ombe wangu wanatoa maziwa."

Mabruki akacheka mpaka akashika magoti. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kuomba maziwa kwa bibi, na bibi alikuwa anampa akimnung'unikia.

Kwa sababu ya urafiki huo ndipo siku moja, Bwana Mpima alipokuwa mbali na watu wa mnyororo, Mabruki aliniita. Jicho lilikuwa limeelekezwa nyumbani kwetu. "Njoo utazame, binti," akasema. "Lakini usiliguse. Ukiligusa, mimi ndiye nitakayechapwa."

Nilifumba jicho moja kama alivyonionyesha, nikasogeza jingine kwenye kioo.

Nililiona tembe letu limening'inia. Ardhi ilikuwa juu, mbingu chini. Moshi wa jikoni ulikuwa unaporomoka. Na mlangoni alikuwapo bibi yangu, karibu kabisa kana kwamba ningeweza kumgusa, anapepeta uwele, kichwa kikiwa chini, miguu ikiwa juu, nyayo zimekanyaga ardhi kutoka upande wa pili.

Baadaye maishani nilielezwa, nami nawaeleza nyinyi: darubini za wapimaji za siku zile zilikuwa hivyo. Kioo kiligeuza picha, na mpimaji alizoea kuiona dunia juu chini bila kujali. Lakini mimi sikuwa na wa kunieleza. Nilijua kitu kimoja tu kuhusu watu wanaosimama vichwa chini. Nilielewa kwamba Jicho lile linawaona wafu, na kwamba limemwona bibi yangu miongoni mwao.

Nilikimbia nyumbani, nikamkumbatia miguuni mpaka ungo ukamponyoka, uwele ukamwagika.

"Una nini wewe?"

"Bibi, usife."

"Nani amekwambia nakufa?"

Nikamweleza. Nilitegemea anicheke, kwa kuwa bibi alikuwa mwepesi wa kucheka. Hakucheka. Aliinama akaokota uwele, punje kwa punje, muda mrefu, kisha akajifunga vizuri kaniki yake. "Nipeleke," akasema.

Mabruki alikataa, kisha akakubali, kama ilivyokuwa kawaida yake. Bibi aliinama mbele ya Jicho. Alikaa hivyo mpaka Mabruki akaanza kukohoa na kutazama nyuma. Ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka malishoni, wanaingia uwanjani, na nadhani aliwaona wananing'inia kwa kwato zao juu ya mbingu, wanaingia kwenye mlango uliogeuka. Ndipo bibi akasema kwa sauti ya chini, ndani ya kioo, kama mtu anayebisha hodi, "Mbukwa."

"Unamsalimu nani, mama?" Mabruki akauliza.

"Mwenye nyumba," bibi akasema.

Mabruki alifunika Jicho kwa turubai mapema siku hiyo.

Vigingi vilikuwa vimekaribia. Kimoja kilikuwa kimepigiliwa upande wa stesheni, karibu na ukuta wetu, na kingine ng'ambo, upande wa boma, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba mstari kati yao unapita katikati ya zizi. Baba alikuwa ameambiwa tutahamishwa. Lakini bibi, tangu alipotazama kwenye kioo, alikuwa na matumaini, na matumaini yale ndiyo yananiuma mpaka leo. Aliamini kwamba Wadachi hawakujua kuwa kuna mtu pale, na kwamba sasa, kwa kuwa chombo chao wenyewe kimemwona, watapisha.

Asubuhi alichukua kibuyu cha maziwa, akanishika mkono, tukaenda kwa Bwana Mpima.

"Mwambie," akamwambia Mabruki, "kwamba hatukuja kugombana. Mume wangu amelala katika zizi lile. Mimi pia nitalala hapo, ubavuni kwake, siku yangu ikifika. Yeye mwenyewe amemwona kwa jicho lake. Basi aipindishe njia kidogo, apite pembeni. Mahali papo pengi."

Mabruki alitafsiri, akitazama chini. Bwana Mpima alimsikiliza mpaka mwisho. Akainamia Jicho, akatazama, akatoa leso akafuta kioo. Kisha, na hili sitalisahau, alichuchumaa mbele ya bibi yangu, akachukua kijiti, akachora vumbini mistari miwili inayokatana kama mkasi. Alikuwa anamfundisha jinsi mwanga unavyopita. Alieleza kwa upole, na Mabruki akatafsiri kadiri alivyoweza: hakuna mfu, ni kioo tu, kioo kinageuza kila kitu, hata boma, hata yeye mwenyewe.

Bibi alitazama ule mchoro. "Kama kina nguvu ya kugeuza dunia nzima," akasema, "kimeshindwaje kupindisha njia peke yake?"

Bwana Mpima alicheka alipotafsiriwa, na haikuwa dharau. Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea stesheni, akaupeleka polepole mpaka boma. Barabara lazima inyooke, Mabruki akatueleza, ili mtu akishuka kwenye treni, akisimama mlango wa stesheni, aone mlango wa boma. Ndivyo ilivyochorwa. Mifupa, kama ipo, ingeweza kuhamishiwa makaburi mapya nje ya mji.

"Mwambie kwamba mume wangu si kitanda cha kuhamishwa," bibi akasema. Akamwachia Mabruki kibuyu cha maziwa, tukarudi.

Tembe lilibomolewa kabla ya masika. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri. Walitoa paa kwanza, kisha miti, na kuta bila paa zilionekana fupi na za aibu, kama watu waliovuliwa nguo. Ng'ombe walipelekwa kwa mjomba wangu, kijiji cha Hombolo, kwa sababu mjini ng'ombe hawakuruhusiwa tena. Sisi tulipewa kiwanja katika mtaa wa wenyeji.

Mtaa ule ndio ninaotaka muuelewe vizuri. Wadachi walijenga nyumba zao upande wa juu, zenye baraza na miti, kila moja mbali na jirani. Maduka ya Wahindi yaliwekwa karibu na stesheni. Sisi tuliwekwa upande wa chini, ng'ambo ya uwanja mpana mtupu ambao hakuna aliyeruhusiwa kujenga. Niliwahi kuuliza uwanja ule ni wa nini, nikaambiwa ni wa kuzuia homa zetu zisivuke. Ukitembea mjini leo utaukuta bado, ingawa sasa vijana wanachezea mpira, na hata katika mitaa mipya wanayoiita kwa herufi, ukitazama nani yuko juu na nani yuko bondeni, utauona ule mchoro wa zamani umelala chini yake.

Nyumba zetu mpya zilikuwa za pembe nne, zenye mapaa ya mgongo, zimepangwa mstari mmoja, milango yote inatazama barabarani. Kila moja ilifanana na jirani yake. Katika siku za mwanzo niliingia nyumba za watu, nikakaa jikoni, mpaka mama wa humo aniulize, "Mwanangu, wewe ni wa nani?" Tulicheka, lakini jioni sikucheka. Nilikuwa nawaza: kama mimi niliye hai naukosea mlango, babu ataupataje? Nilimwona akitembea chini ya mtaa, kichwa chini, anagusa nyayo za watu wa kila nyumba moja baada ya nyingine, akitafuta zetu. Nilizoea kulala nimeegemeza nyayo sakafuni, ili akipita anitambue.

Kila nyumba ilitoa mwanamume wa kufanya kazi ya barabara. Yetu ilimtoa baba. Walimwaga changarawe, kisha wakaishindilia kwa magogo yenye vishikio, wakiimba ili yashuke pamoja. Nilikuwa nampelekea uji. Nakumbuka alivyomwendea nyapara, mtu mkali wa Tabora, akamwomba awekwe mahali fulani. Nyapara akamuuliza kwa nini, pale jua ni kali, kivuli kiko huku. Baba akasema, "Nimepazoea."

Nilikaa nikamtazama. Wenzake waliinua magogo, wakaimba, wakayaangusha, ardhi ikatetemeka. Baba aliinua sawa na wao, aliimba kuliko wote, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini gogo lake lilipofika chini lilitua kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Hakulikosa pigo hata moja. Alifanya hivyo mpaka kipande kile kikaisha. Nyapara alipita, akatazama uso wenye jasho, akasema, "Vizuri, Mgogo."

Barabara ikafunguliwa, nyeupe, iliyonyooka. Na hapo ndipo bibi alipoanza kwenda.

Ilikuwa mchana, watu wakiwa wengi. Alitoka mtaani kwetu, akavuka uwanja mtupu, akafika barabarani. Alisimama mahali ulipokuwa mlango mkubwa. Akainamisha kichwa, kwa maana ule mlango, ingawa mpana, ulikuwa mfupi. Kisha akaingia. Akageuka kulia kuufuata ukuta ambao haukuwapo, akapita mlango wa shangazi, akazunguka kihori cha ndama, akafika mbele ya chumba chake, akakaa chini. Wapagazi walipita, mikokoteni ilipita, Wahindi na vitambaa vyao. Wengine walimzunguka. Ajabu ni kwamba baada ya siku kadhaa niliona baadhi ya akina mama wa kwetu wakipita pale nao wanazunguka, hawakatizi zizini.

Askari mmoja alimfokea. "We bibi! Ondoka njiani!"

"Natoka," bibi akasema, akanyanyuka. Askari akamsukuma upande wa karibu. Bibi akasimama. "Sasa mwanangu, unataka nipite ukutani? Mlango uko kule."

Watu wakacheka. Askari naye akamwacha atoke alikoingilia. Nilikuwa nimeshika kaniki yake. Nilijaribu kukata kona mapema, akanivuta. "Utajigonga," akaniambia. Nami nawaapia, nilihisi baridi ya ukuta begani.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi yake tulikuta barabara imebonyea mahali pamoja tu, na maji yamejaa hapo, yametulia. Bibi hakuinama mlangoni siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa maji, akanisogeza kando yake.

"Tazama chini."

Nikatazama. Chini yetu alisimama bibi mwingine, kichwa chini, mbingu chini ya kichwa chake, nyayo zake zimegusana na za bibi yangu. Na kando yake mtoto. Nilitaka kukimbia, akanishika.

"Ulikuwa umeniona hivi kwenye lile jicho lao?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hukuniona nimekufa. Umeniona nilipo."

Mtu alipita na baiskeli, maji yakatikisika, wakapotea, wakarudi. Bibi akasema, si kwangu, "Kumbe mwenye nyumba hakuhama." Kisha akaniambia nikawaambie wazazi wangu, siku yake ikifika, wasigombane na wakubwa. Wamzike watakapoelekezwa. Njia ya kwenda anaijua.

Hakurudi tena barabarani. Alikufa kabla ya mavuno, akazikwa katika makaburi mapya nje ya mji, kwenye mstari, kati ya watu ambao hakuwajua. Baba hakulia. Jioni ile alipita barabarani, akainamisha kichwa mahali pale, akaingia, akatoka.

Kipande kile kimekuwa kikibonyea tangu wakati ule. Wadachi walikijaza, wakaondoka. Waingereza wakakijaza, wakaweka lami, kikabonyea.

Juzi kijana anayesimamia mabomba aliniona nimesimama muda mrefu. "Shikamoo, mama. Umechoka? Njoo kivulini."

"Marahaba, mwanangu. Mnapitisha wapi bomba lenu?"

Akanionyesha kwa mkono, moja kwa moja. Nikamwambia hapo kuna kaburi. Vijana waliokuwa mtaroni wakaacha kucheka. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana panazama kila mwaka. Na sisi tunasema ni kawaida ya Dodoma, jina lenyewe ni kuzama." Nilimwonyesha msimamizi mlango, nikamwonyesha ukuta, nikatembea kuuzunguka kihori cha ndama, naye kijana akanifuata nyuma, hatua kwa hatua, bila kukatiza. Nilijiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na maneno ya bibi mdomoni.

"Basi, mama," akasema. "Tunaweka elbo ya kupinda hapa, na elbo pale. Bomba litazunguka."

"Halitaharibu mchoro wenu?"

"Elbo mbili tu, mama."

Nililia pale barabarani, na yule kijana hakujua amenifanya nini. Elbo mbili tu.

Jana imenyesha. Mtaro umefukiwa, na kwa agizo lake hawakushindilia sana. Nilikwenda asubuhi, kabla magari hayajaanza. Maji yalikuwa yamekaa mahali pake. Nilivua viatu, nikasogea mpaka ukingoni, nikasimama polepole, nisimkanyage mtu.